Safari ya Kwenda Ruaha kwa Watu wa Dodoma



Watu wengine wa Chang'ombe, hapa Dodoma, wametuuliza mara nyingi, "Je, sisi nasi twaweza kwenda kutazama wanyama wa mwituni, au mambo hayo ni ya wageni wa kutoka Ulaya tu?" Tena kijana mmoja aliuliza habari za nchi za kusini, yaani Zambia na Botswana, kwa kuwa amesikia ya kwamba huko ndiko kuliko na wanyama wengi, akataka kujua mambo yampasayo mtu kuyatengeneza kabla ya kuondoka. Maswali hayo ni mema. Nami nitayajibu kwa habari ya safari mbili tulizozifanya nyumbani kwangu, moja mbaya na moja njema, maana katika ile mbaya ndimo nilimojifunza zaidi.

Kwanza nimjibu yule kijana. Njia ya kwenda kusini yapita papa hapa mjini kwetu. Barabara itokayo Arusha, ikapita Kondoa na Dodoma, yaendelea mpaka Iringa na Mbeya na Tunduma, na huko yaingia Zambia. Nayo ni sehemu ya ile njia ndefu ambayo Waingereza wa zamani walitamani itoke Cairo ifike Cape. Mtu akitaka kuvuka Tunduma hapana budi awe na hati ya kusafiria, na yafaa achukue cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana huenda akaulizwa mpakani. Lakini mimi nasema, kabla ya kutafuta hati, atazame kwanza kilicho karibu. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyotengwa mwaka 1964 na kuunganishwa na pori la Usangu mwaka 2008, ni mahali ambapo wanyama na miti ya upande wetu huu hukutana na wanyama na miti ya kusini. Huko utamwona twiga na simba na punda milia, na katika nchi ile ile yuko tandala mkubwa mwenye pembe zilizojipinda, na palahala, na korongo. (Korongo huyu si yule ndege, wala si lile bonde lililochimbwa na maji, ni mnyama mkubwa jamii ya palahala.) Basi aliyetamani kwenda Zambia ataona sehemu ya tamaa yake, naye atalala katika nchi yake mwenyewe.

Sasa habari ya safari mbaya. Ilikuwa mwezi wa Machi, wakati watoto walipofunga shule kwa siku chache, nami nikafikiri, kwa nini tungoje? Nikakodi motokaa kwa mtu mmoja ambaye sitamtaja. Alinionyesha tairi la spea, nami nikalitazama kwa macho tu bila kulibonyeza kwa mkono. Tukaondoka Chang'ombe saa sita mchana, jua likiwaka. Tulipokwisha kupita Mtera tukapata pancha, na lile tairi la spea likaonekana kuwa halina upepo hata kidogo. Tulikaa kando ya njia saa tatu mpaka dereva wa lori alipotuhurumia. Iringa tukaingia usiku. Siku ya pili mvua ilinyesha, na katika njia ya Ruaha tulikwama katika tope jeusi mara mbili. Tulipofika langoni lilikuwa limefungwa. Tukarudi kijijini kutafuta nyumba ya wageni tuliyoiwekea fedha, tukaambiwa ya kwamba chumba amepewa mtu mwingine. Watoto walilala ndani ya motokaa, na mdogo wao akaanza homa. Asubuhi tulirudi Iringa hospitalini badala ya kwenda kwa simba. Mnyama tuliyemwona katika safari ile yote alikuwa punda wa mtu pale Izazi.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni habari ya majira. Katika Ruaha mvua huanza mnamo Novemba au Desemba na kwisha Aprili, karibu sawa na hapa kwetu. Wakati huo nchi ni ya kijani na ndege ni wengi sana, lakini majani ni marefu, wanyama wametawanyika kwa kuwa maji yako kila mahali, na njia nyingine hazipitiki. Tangu Juni mpaka Oktoba miti hupukutika, vijito hukauka, na wanyama hukusanyika penye maji yaliyosalia. Mwenye watoto wa shule achague Juni au Julai. Oktoba wanyama huonekana vizuri zaidi, ila joto ni kali, na wazee hawaliwezi.

Neno la pili ni fedha. Watu wengi wa kwetu hawaendi kwa sababu wamesikia bei wanayotozwa wageni kwa dola, wakadhani ndiyo yao. Sivyo. Raia wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, tena kiasi kidogo sana kuliko mgeni; watoto wasiotimiza miaka mitano huingia bure. Lakini ni lazima uonyeshe kitambulisho, basi usikiache nyumbani. Tena malangoni hawapokei noti mkononi. Hulipwa kwa simu, au benki, au kwa kadi, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo wanayokupa. Bei hubadilika mara kwa mara. Piga simu hifadhini uulize kabla ya kufunga mizigo, na malipo yafanye ungali mjini Iringa, maana mbele ya hapo mtandao wa simu ni wa kubahatisha.

Kitu kinachokula fedha hasa si lango, ni motokaa. Kama huna yako iliyoinuka na yenye nguvu, ni afadhali kwenda kwa basi mpaka Iringa, kisha kukodi huko, nyumba mbili au tatu zikishirikiana. Watu sita wakigawana, gharama yawa ya kuvumilika. Mtu mmoja akiibeba peke yake itamvunja mgongo. Yako pia mabasi yaendayo mpaka kijiji cha Tungamalenga, karibu na hifadhi, na huko waweza kupata nyumba ya kulala na motokaa ya kuingilia. Hifadhi yenyewe nayo ina nyumba za wageni pale Msembe, kando ya mto. Ukiweka nafasi, omba jibu lililoandikwa, hata kama ni ujumbe wa simu. Ningalifanya hivyo mara ya kwanza, watoto wangelilala kitandani.

Mara ya pili tulikwenda mwezi wa Agosti, nasi tulikuwa na jirani zetu na mama yangu mzazi.

Mama hakutaka kwenda. Yeye alizaliwa katika kijiji cha kusini ya Dodoma, upande wa Mtera, na utotoni mwake alilala juu ya dungu shambani, akipiga debe usiku ili tembo wasiingie katika mtama. Tembo waliingia hata hivyo. Mwaka mmoja walikula shamba lote kwa usiku mmoja, na kaka yake aliyetoka na mwenge kuwafukuza alikanyagwa, akafa asubuhi. Basi nilipomwambia habari ya safari alinitazama kitambo, akasema, "Mwanangu, nitoe fedha nikamtazame mwizi wa mtama wangu?" Nikamjibu, "Mama, hutatoa wewe, nitatoa mimi." Akasema, "Ni fedha ile ile." Mke wangu ndiye aliyemwelekeza. Alimwambia tu ya kwamba wajukuu wanataka kuwa na bibi yao, naye akafunga kanga zake.

Safari hii tulitengeneza mambo. Tulichukua maji, lita nne kwa kila mtu kwa siku, na dumu zima kwa ajili ya motokaa. Tulichukua jeki na matairi mawili ya spea, nami niliyabonyeza. Chakula tulikitia katika vikapu na makopo, maana tangu mwaka 2019 mifuko ya plastiki imekatazwa katika nchi yetu. Katika nguo tuliacha zote za rangi ya buluu na nyeusi, kwa sababu mbung'o huzipenda rangi hizo. Hata mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya namna hiyo. Nguo za rangi ya udongo ndizo zifaazo, ila mtu asivae zinazofanana na za askari, maana ni kosa kwa sheria. Tulichukua vyandarua na dawa ya kujipaka jioni. Na kila mmoja alichukua sweta. Jirani yangu alicheka kusikia sweta, lakini hakucheka Iringa. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya bahari. Ukienda kusini wateremka mpaka Mtera, kama mita 700, ambako ni joto kama tanuri, kisha wapanda tena mpaka Iringa, kupita mita 1,500, na mwezi wa Julai na Agosti baridi ya Iringa si ya mchezo. Siku moja yakupasa kuvua na kuvaa.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Kutoka Dodoma mpaka Iringa ni kilomita zipatazo 260, lami tupu, tukapita Mpunguzi na Fufu na Chipogoro, mibuyu ikisimama pande zote mbili kama wazee barazani. Mtera tulipumzika. Bwawa lile lilijengwa katika miaka ya 1970 ili kuweka akiba ya maji ya kuendesha mitambo ya umeme ya Kidatu, na tangu 1988 Mtera yenyewe nayo yatoa umeme. Hapo pana samaki wengi, perege na kambare, wabichi na wa kukaanga. Nunua wa kukaanga, ule. Wabichi uwaache mpaka siku ya kurudi. Wala usiwaache watoto wachezee ukingoni, maana mamba wako. Na jambo moja nataka msomaji alishike hapo: maji mengi ya bwawa hili ni ya mto Ruaha Mkuu, uliotoka Usangu na kupita katikati ya hifadhi. Maji uyaonayo yamekwisha kupita mbele ya simba.

Ukivuka Mtera umetoka Ugogo. Nyuma yako watu walikusalimu "Mbukwenyi", na mbele wakusalimu "Kamwene". Mama alijibu salamu zote mbili kwa Kigogo, wala hakuna aliyemlaumu. Baada ya Migori na Izazi njia yaupanda mlima Nyang'oro kwa kona nyingi. Dereva aende polepole, na mwenye kutapika akae karibu na dirisha.

Iringa tulilala usiku mmoja. Njia ya Ruaha yapita karibu na Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, na aliye na saa moja ya ziada yafaa aingie. Mkwawa aliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, nao wakamtafuta miaka mingi, hata mwaka 1898 akajiua mwenyewe asije akakamatwa. Fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na leo limo katika jumba la makumbusho hapo Kalenga. Watoto wetu walinyamaza kimya mbele yake, jambo ambalo ni nadra.

Kutoka Iringa mpaka langoni ni zaidi ya kilomita 100. Njia hii imekuwa ya vumbi na mawe kwa miaka mingi. Uliza hali yake Iringa kabla ya kuondoka, ufunge vizuri kila kitu kiwezacho kumwagika. Ukivuka daraja la mto pale Ibuguziwa umeingia, na viboko wako chini yako.

Ndani ya hifadhi amri ni chache, nazo si za mzaha. Usishuke motokaani ila pale palipoonyeshwa. Usiendeshe usiku. Usipige honi wala kupiga kelele. Usiwape wanyama chakula, hata nyani anayekutazama kwa macho ya yatima. Jirani yangu alimtupia nyani kipande cha mkate mahali pa kupumzikia, na kabla hajarudisha mkono, wengine watatu walikuwa wamechukua kikapu chenye chapati zetu zote. Tembo akitandaza masikio na kutikisa kichwa, na hasa akiwa na mtoto, usimkaribie upate picha. Rudi nyuma taratibu. Ukiweza, lipia kiongozi anayeijua nchi, maana macho yetu sisi watu wa mjini hayaoni. Siku ya kwanza kiongozi wetu alituonyesha chui aliyelala juu ya tawi, nasi tulihitaji dakika kumi na darubini hata tukamwona mkia.

Siku ya pili asubuhi tulifika penye mto, mto wenyewe haukuwa na maji ya kuonekana. Mchanga mtupu, mweupe, na vidimbwi vichache mbali. Kiongozi alituambia ya kwamba zamani Ruaha ulitiririka mwaka mzima, lakini tangu mwaka 1993 hukatika katika kiangazi, kwa sababu maji hutumika sana huko juu Usangu, katika mashamba ya mpunga na malisho ya mifugo. Wenye mashamba nao wana watoto, alisema. Si jambo la kumlaumu mtu mmoja.

Tulipokuwa tukizungumza hayo wakaja tembo, majike saba na watoto wao. Mama alishika mkono wa kiti. Nilimwuliza kama anataka tuondoke, akasema, "Ngoja." Tembo aliye mkubwa kuliko wote alitembea katikati ya mchanga, akanusa hapa, akanusa pale, kisha akaanza kuchimba kwa mguu wa mbele na kutoa mchanga kwa mkonga. Alichimba kwa muda mrefu. Maji ya kwanza yaliyotoka hakuyanywa. Aliyafyonza akayamwaga kando, akangoja. Ndipo akanywa, na mtoto wake akasukuma kichwa kati ya miguu yake apate naye.

Mama alikuwa ameinama mbele hata kichwa chake kikagusa kioo. Akasema polepole, "Huyamwaga ya kwanza." Wajukuu wakamwuliza, "Kwa nini, Bibi?" Akawaambia, "Yana tope. Sisi nasi tulifanya vivyo hivyo." Akawaeleza ya kwamba walipokuwa wasichana, katika kiangazi, walikwenda na vibuyu alfajiri katika korongo lililokauka, wakachimba mchangani mpaka urefu wa mtu, na aliye chini alimpa kata aliye juu. Maji ya kwanza yalimwagwa. Ukiwa na haraka ukanywa, ulirudi nyumbani na tumbo. Watoto, ambao maji yao hutoka bombani, walikuwa hawajasikia habari hiyo hata siku moja. Wala mimi sikuwa nimeisikia yote.

Tembo walipokwisha kuondoka, wakaja ngedere, kisha swala watatu, wakanywa katika mashimo yale.

Jioni, tulipokuwa tumekaa nje Msembe, nilimwuliza Mama kama bado tembo ni mwizi. Nalijuta kuuliza, maana nilidhani nimemkumbusha kaka yake. Lakini alinijibu mara moja. "Yule wa shambani alikuwa mwizi, nami sijamsamehe. Huyu alikuwa na kiu." Kisha akauliza kama wako wengi. Nikamwambia ya kwamba hesabu ya mwaka 2009 katika Tanzania nzima ilipata tembo zaidi ya 109,000, na mwaka 2014 walionekana kama 43,000 tu, kwa sababu ya wawindaji wa pembe. Tangu hapo wameanza kuongezeka. Alifikiri, akasema, "Na mashamba yetu je, nani ayahesabu?" Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina. Watu wa vijiji vilivyo karibu na hifadhi wangali wakikesha shambani kama alivyokesha yeye, na mgeni apitaye na motokaa yake akumbuke hayo anapowapungia mkono. Sisi tulinunua mchele, nyanya na asali katika vijiji vya njiani, wala hatukupunguza bei sana.

Katika kurudi tulisimama Mtera kununua samaki wabichi. Hapa nitoe shauri la mwisho: wafunge katika majani mengi na uwaweke katika ndoo yenye kifuniko, si katika kikapu, na ndoo iwe nyuma kabisa. Motokaa ya watu ilinuka juma zima, nami nililipa mtu wa kuiosha mara mbili kabla ya kuirudisha.

Chang'ombe tulifika usiku, na siku ya pili majirani walikuja kumsalimu Mama na kuuliza habari. Walitaka simba. Aliwapa simba kwa maneno machache, kisha akawachukua wote mpaka ukingo wa mto, akawachimbisha mchanga pamoja na yule jike mkubwa. Mama mmoja wa makamo alisema ya kwamba yeye hawezi kutoa fedha amtazame tembo, maana wamemwonea nduguye huko Manyoni. Mama alimjibu, "Basi njoo unisikilize bure." Nyumba ya pili kutoka kwetu sasa wanaweka akiba, wataondoka Julai, watu saba katika motokaa moja, nasi tumewaazima darubini, madumu mawili ya maji, na ile ndoo yenye kifuniko.